UZI: Kitabu unachosoma sasa hivi ni kipi, na umefika ukurasa wa ngapi?

Kurasa Kumi (mleta uzi)

Wakuu na dada zangu, habari za muda huu.

Nyuzi za vitabu nimezifuatilia sana na karibu zote zinaishia palepale, mtu anakuja anamwaga majina ishirini ya vitabu vya kusoma kabla hujafa, anapata laiki zake anaondoka, ukimuuliza hicho cha saba kinahusu nini kimya. Mimi sitaki orodha. Nataka kitabu kimoja tu, kile ambacho sasa hivi kimelala kifudifudi kwenye kochi lako au kipo chini ya mto, umekunja kona ya ukurasa au umechomeka risiti katikati, na hujakimaliza. Taja jina, taja umefika wapi, halafu tuambie kitu kimoja ulichokutana nacho hapohapo ulipofika.

Kwa nini katikati? Kwa sababu mtu akishamaliza kitabu anakuwa na hukumu yake, anakipa nyota nne au tano basi. Lakini aliye katikati bado anagombana na mhusika, anabashiri na kukosea, anaogopa kufungua sura inayofuata, na hayo ndo maongezi ninayoyatamani maana nyumbani nasoma peke yangu, nikicheka na kitabu watu wananiuliza nachekea nini na nikianza kueleza washaondoka.

Naanza mimi. Nasoma Kusadikika ya Shaaban Robert. Najua kuna watakaosema hicho si tulikisoma shule, ndio, na mimi nilikisoma shule, nikajibu swali la mtihani, nikapata maksi na nikasahau kila kitu. Sasa nimekirudia bila mtu kunisimamia. Ni kitabu chembamba, kilitoka 1951, nchi yenyewe ya Kusadikika inaelea angani. Karama kashtakiwa, na kosa lake ni kufundisha watu elimu ya sheria. Anayemshtaki ni waziri na jina lake Majivuno. Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliowahi kutumwa huko nyuma, mashariki, kaskazini, kusini, magharibi, mbinguni na ardhini, wakatafute mambo mema ya kuifaa nchi yao.

Shuleni nilikariri majina ya wale wajumbe kama nakariri jedwali la kuzidisha, hayakuniuma popote. Safari hii nimeshafanya kazi miaka kadhaa, nimewahi kupeleka wazo langu kwa mkubwa wangu kazini, wazo nililolikesha wiki mbili, nikaambiwa mbele za watu kwamba sikuajiriwa kufikiri. Sasa nikifika pale mjumbe anarudi, amevuka taabu zote zile, kichwani kabeba maarifa ya kuwafaa watu wake, na anachokutana nacho ni kifungo, nafunga kitabu kwanza. Nakiweka kifuani nakaa hivyo dakika kadhaa. Niko kwa mjumbe wa tatu. Mwisho nimeusahau kweli na naomba asiniambie mtu.

Haya, zamu yenu.

Mama Pacha

Mimi nipo na Peponi, ile riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya 1994 iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis, tafsiri ilitoka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupewa Nobel. Niko ukurasa wa thelathini na kitu na nina wiki tatu. Watoto wakilala ndo nafungua, nikisoma kurasa mbili na mimi nimelala.

Kitu nilichokutana nacho ni hiki. Yusuf ana miaka kumi na miwili, kuna tajiri anaitwa Aziz huwa anafikia kwao, na kila akiondoka anampa yule mtoto sarafu. Mtoto anaisubiri ile sarafu, anafurahi na ugeni. Halafu siku moja anaambiwa atasafiri na huyo mgeni, anapanda treni, na huko dukani anakofikia kuna kijana mwenzake, Khalil, ndo anamfungua macho kwamba yule si ndugu yao hata kidogo, baba yake anadaiwa na yeye Yusuf amewekwa rehani. Rehani wakuu! Mtoto! Mimi nina pacha wa miaka tisa wamelala chumba cha pili, niliinuka nikaenda kuwaangalia.

Tangu siku hiyo sijaendelea. Kitabu kizuri ila naogopa.

Mgeni Njiani

Mwenye pdf ya hiyo Peponi aiweke hapa tafadhali. Na ya Kusadikika pia kama ipo.

Kurasa Kumi (mleta uzi)

Mama Pacha endelea dada, usimwache Yusuf pale dukani peke yake. Tena wewe umepata bahati ya kukisoma kwa Kiswahili. Mimi nilianza na cha Kiingereza, na kwenye Kiingereza kile unahisi watu wanaongea Kiswahili chini kwa chini, mwandishi kawaachia maneno yao mengine vilevile. Nilipokuja kuishika tafsiri ni kama wale watu wamerudi nyumbani wakavua viatu. Kuna mahali nilisoma kwa sauti.

Mgeni Njiani karibu kwenye uzi ndugu yangu, lakini hilo la pdf naomba tulizungumze. Anayeandika au kutafsiri riwaya kwa Kiswahili anakaa miaka na hiyo kazi, akipata wanunuzi mia tano kafurahi. Tukikipiga picha kitabu kizima tukakisambaza kwenye makundi, tunamwambia asiandike cha pili. Mimi hilo silifichi, linaniuma. Kama hela haipo, na huwa haipo kweli, kuna kuazima, kuna maktaba, na kuna vitabu ambavyo haki zake zimeshaisha muda vinapatikana bure kihalali, Project Gutenberg wapo tangu 1971 wanafanya kazi hiyohiyo ya kuvipandisha mtandaoni. Kina Tolstoy, wale waandishi wakubwa wa zamani, wote utawakuta kule.

Mgeni Njiani

Mkuu sikatai, ila kuna vitabu vya zamani vya Kiswahili havichapwi tena, ukienda duka la vitabu muuzaji hajawahi hata kulisikia jina. Maktaba nako unakuta nakala moja na haina jalada wala kurasa kumi za mwanzo. Sasa hapo mtu afanyeje? Mimi si mwizi, natafuta kusoma.

Kurasa Kumi (mleta uzi)

Hapo umesema kweli na sina jibu la kukushinda. Kitabu kisichochapwa tena kikiokolewa na mtu aliyekaa akakipiga picha ukurasa kwa ukurasa, siwezi kumlaani mtu huyo. Ninaowasema ni wale wanaosambaza kilichotoka mwaka huu na kiko dukani. Nitumie ujumbe pembeni, nina vya kuazima, ila urudishe, na nakuomba kitu kimoja, usikunje kurasa.

Dereva wa Usiku

Natia nanga na mimi. Mwenzenu naendesha gari kubwa usiku, kusoma kwa macho haiwezekani, nasikiliza. Sasa hivi namsikiliza Márquez, ile riwaya yake ya 1967 ya miaka mia moja ya upweke. Nimefika karibu nusu.

Wakuu hicho kitabu majina yanatesa! Babu anaitwa José Arcadio, mtoto José Arcadio, mjukuu Arcadio, halafu huku kina Aureliano, na huyu kanali anaitwa Aureliano ana watoto wa kiume kumi na saba kwa wanawake kumi na saba na wote wanaitwa Aureliano. Mwenye kitabu mkononi anarudi kwenye ile chati ya ukoo ya mwanzoni, mimi nipo kwenye usukani narudi wapi? Ikabidi nikisimama kupumzika nachora ukoo kwenye daftari la mizigo. Sasa ile chati yangu imejaa kurasa mbili na nimeanza kugundua kitu, wale kina José Arcadio ni watu wa nguvu na fujo, na kina Aureliano ni wakimya, wanajifungia ndani. Kumbe majina hayajarudiwa hovyo. Niligundua hilo saa tisa usiku barabara nyeupe hakuna gari, nikapiga honi peke yangu.

Taa ya Mezani

Dereva samahani kaka yangu lakini kusikiliza si kusoma. Kusoma ni macho na ukurasa, unarudi nyuma, unapigia mstari. Kusikiliza ni kama redio tu.

Dereva wa Usiku

Sawa, lakini nimechora ukoo mzima wa vizazi vyote nilivyofika. Wangapi wamesoma kwa macho wakafanya hivyo?

Mwalimu Mstaafu

Vijana naomba niingie hapo kidogo. Nimefundisha fasihi miaka thelathini na mbili.

Huyu wa gari asionewe. Tungo zetu nyingi kubwa hazikutungwa ziangaliwe, zilitungwa zisikike. Mwana Kupona alipomtungia binti yake ule utendi mwaka 1858, ulikuwa wa kughanwa, watu wamekaa wanasikiliza, na wengi waliouhifadhi hawakuwahi kuuona umeandikwa. Je, hao hawakuujua? Waliujua kuliko mimi niliyeusoma nikiwa na kamusi pembeni. Sikio nalo linasoma. Linachotaka ni mtu atulie.

Nami nijibu swali la mleta uzi. Nasoma Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya 1969. Nimefika pale mahakamani, Shylock mkopeshaji kashika kisu anadai ratili yake ya nyama ya mwili wa Antonio aliyeshindwa kulipa deni, na Portia kaingia amevaa kama mwanasheria wa kiume. Nasoma kwa sauti, mke wangu anasikiliza huku anafanya shughuli zake, na akiona nimeruka mstari ananiambia rudia.

Nawaombeni mlitazame jina la kitabu. Kwa Kiingereza ni mfanyabiashara, tena mmoja, ni Antonio. Mtafsiri hakuandika Mfanyabiashara wa Venisi. Kaandika mabepari, na kawafanya wengi. Neno moja tu limehamisha kitabu kizima, kesi si ya mtu mmoja tena na deni lake, imekuwa kesi ya aina ya watu na namna yao ya kuishi. Nimefundisha tafsiri hiyo miaka na miaka na sikuwahi kulisimamia jina lake darasani hata kipindi kimoja. Linanisumbua sana hilo, maana wale wanafunzi wangu walistahili kuonyeshwa.

Taa ya Mezani

Shikamoo mwalimu. Nimekuelewa. Dereva naomba radhi kaka, maneno yangu nayarudisha.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Na wewe unasoma nini? Umekuja kuamua kesi hujataja kitabu.

Taa ya Mezani

Hahaha kweli mwalimu. Ilikuwa ngumu kukitaja ndo maana.

Nasoma Barua Ndefu Kama Hii ya Mariama Bâ. Yeye aliandika kwa Kifaransa ikatoka 1979, mwaka uliofuata ikapata Noma, tuzo ya vitabu vya Afrika, na mwandishi akafariki 1981, hakukaa sana baada ya hapo. Kitabu chote ni barua, mwanamke anaitwa Ramatoulaye kafiwa na mume, yuko ndani anakaa kipindi cha eda, anamwandikia rafiki yake wa tangu utotoni, Aissatou. Na huyo marehemu miaka ya nyuma alimwacha pembeni akaenda kuoa rafiki wa binti yao, msichana aliyekuwa anakuja nyumbani kujisomea na mtoto wao.

Mimi nimefiwa na mume mwaka wa pili huu. Yangu hayakuwa hayo, mume wangu alikuwa mtu mwema. Lakini kuna kitu cha msiba ambacho watu hawakisemi na huyu mama kakisema, kwamba nyumba imejaa watu, wanakuja na kuondoka, wanaongea mambo yao, na wewe uliyefiwa ndo huna pa kuweka kichwa. Nilipofika hapo nilikaa na penseli mkononi nikataka kupigia mstari, nikajikuta nataka kupigia ukurasa mzima, nikaweka tu alama ndogo pembeni.

Ndo maana nilimbishia kaka yangu dereva. Kitabu hiki mimi nakishika. Nilikuwa sifikirii kama mtu anaweza kukipata bila kukishika. Niko ukurasa wa arobaini na sita. Nasoma kidogokidogo maana si kirefu na sitaki kiishe.

Kurasa Kumi (mleta uzi)

Pole sana dada. Asante kwa kutuamini na hilo.

Kile ulichosema cha kusoma kidogokidogo ili kisiishe nimekielewa mpaka ndani. Usiharakishe. Tupo hapa, ukifika hamsini tuambie.

Mama Pacha

Pole dada yangu. Nitakitafuta hicho, na kama Peponi ikinishinda nitakuja kwako tusome wote huku ukurasa kwa ukurasa.

Sura kwa Sura

Wadau salama? Mimi ni wa Vita na Amani. Tolstoy. Ngoja niwaeleze ninavyokisoma labda itamsaidia mtu anayeogopa vitabu vinene.

Kile kitabu kina sura 361. Ukisikia hivyo unakimbia, lakini sura zake ni fupi, nyingi zinakwisha ndani ya dakika kumi au kumi na tano. Kuna watu wengi duniani wanakisoma sura moja kwa siku, mwaka mzima, wanamaliza na siku nne za kupumzika zinabaki. Nami nimeamua hivyo. Asubuhi kabla sijashika simu nasoma sura moja, nafunga. Hata ikinoga vipi nafunga. Hiyo ndo ngumu kuliko yote, kufunga pale ambapo mtu kainua bunduki.

Mwanzo ulinichosha sikatai, kinaanza kwenye tafrija ya mabwanyenye mwaka 1805, majina ya Kirusi kila mtu ana matatu, wanaongea Kifaransa. Siku kama kumi hivi nilikuwa nasoma kwa sababu nimeapa tu. Ila sasa niko sura ya sitini na kitu, vita ya Austerlitz, na Andrei, huyu kijana aliyekuja vitani akitafuta sifa, aliyekuwa anaota siku atakayoonekana shujaa, kakimbia na bendera mkononi kapigwa, kaanguka chali. Na kutoka pale chini anaona mbingu. Basi. Mbingu iko juu sana na mawingu ya kijivu yanapita taratibu, makelele yote yamekatika, na anajiuliza imekuwaje siku zote hakuwahi kuiona. Halafu Napoleon mwenyewe, yule aliyekuwa anamhusudu, anapita pale anasema neno, na Andrei anamsikia kama mtu anayemsikia nzi.

Hiyo sura niliisoma asubuhi nikaenda kazini, siku nzima nilikuwa nainua uso juu. Kama ningekuwa nameza sura ishirini kwa siku ingepita tu kama zingine.

Chuo Mwaka wa Pili

Kwanza niwaombe msinihukumu. Mimi kitabu nilichonacho ni Nagona ya Kezilahabi na nimekwama ukurasa wa kumi na nane, narudia rudia. Sielewi. Anayesimulia anatembea, anafika mahali, kuna watu, lakini hujui ni wapi, hujui ni lini, na hao watu ukidhani unawashika wanapotea. Nilimpenda sana Kezilahabi kwenye Kichwamaji, kule nilimwelewa Kazimoto kama namwelewa jirani yangu. Huku nimekuwa kipofu kabisa. Nikiacha nitajiona sina akili, nikiendelea nateseka. Nifanyeje?

Sura kwa Sura

Acha. Kuna mwandishi wa Ufaransa, Daniel Pennac, mwaka 1992 alitoa kitabu chenye haki kumi za msomaji, na haki ya tatu ni kutokumaliza kitabu. Vitabu haviishi, maisha yanaisha.

Mwalimu Mstaafu

Haki anayo, sibishani na Mfaransa. Lakini mwanangu kabla hujakiacha nisikilize mara moja.

Kichwamaji ni ya 1974, Nagona imetoka 1990. Katikati ya hapo mwandishi amehama njia. Kichwamaji unaisoma ukiuliza kitatokea nini. Ukiiuliza Nagona swali hilo haitakujibu, ndipo unapoteseka. Isome kama unavyosikiliza ndoto ya mtu mwingine. Mtu akikusimulia ndoto humkatizi kumuuliza huo ulikuwa mtaa gani na saa ngapi, unaangalia alichokiona. Tena soma kwa mkupuo, usikirudie ukurasa hata kama hujauelewa, ni kitabu kifupi, jioni moja inatosha. Ukimaliza andika vitu vitatu vilivyobaki kichwani. Usiandike maana, andika vitu. Halafu uje hapa unitajie, tutaanzia hapo. Na ukiona bado hakikuingii kiweke kabatini, kitakusubiri. Mimi kilinisubiri miaka sita.

Chuo Mwaka wa Pili

Asante sana mwalimu. Jumamosi najifungia.

Asubuhi Njema

Mimi miaka yote nilikuwa mtu wa vitabu vya mafanikio, amka saa kumi, fikiri kama tajiri, tabia saba sijui kumi na mbili. Nilivisoma kama thelathini. Sivitukani, viwili vitatu vilinisaidia kupanga hela zangu. Ila ilifika mahali nikifungua kipya najua ukurasa unaofuata utasema nini, na maisha yangu yapo vilevile.

Sasa nasoma tafakuri za Marcus Aurelius, alikuwa kaisari wa Roma kuanzia 161 mpaka 180, ziko sehemu kumi na mbili na aliziandika kwa Kigiriki. Kilichonishika ni kwamba hakumwandikia mtu. Hakuna anayemwambia awe tajiri, alikuwa anajisema mwenyewe, kaisari mzima anajikumbusha kwamba asubuhi atakutana na watu wasumbufu na asiwachukie. Niko sehemu ya tano, imeanza na yeye anajibizana na nafsi yake kwamba hataki kutoka kitandani kuna joto. Nilipoona hapo nikasema sawa, huyu naweza kusafiri naye.

Kiko cha Msa

Napita haraka, nipo na Mzimu wa Watu wa Kale, Muhammed Said Abdulla, cha 1960. Bwana Msa mpelelezi na kiko chake, rafiki yake Najum pembeni anashangaa. Ukurasa wa sabini. Nimeshamshuku kila mtu mpaka marehemu. Nisiambiwe!!

Mama Pacha

Wapendwa nimerudi. Nimeendelea. Niko ukurasa wa tisini na mbili.

Usiku ule baada ya kuandika hapa nilijiambia nitasoma kurasa mbili tu nijue Yusuf yukoje, nikasoma mpaka mishumaa ya macho ikaisha. Kuna ile bustani ya tajiri, imezungushiwa ukuta, ina maji na miti ya matunda, na Yusuf anaipenda, anatamani kuingia akae humo. Sasa nikisoma habari ya ile bustani moyo unagawanyika, maana ni mahali pazuri kuliko pote kwenye kitabu na ni pa yule yule aliyemchukua. Mtoto kafungwa na mahali anapopapenda. Sijui mwandishi aliwaza nini alipokipa kitabu jina la Peponi na mimi ninachoona ni kifungo, labda nikifika mwisho nitajua. Mleta uzi asante kwa kunisukuma, kama ningekaa kimya kile kitabu kingekuwa kabatini sasa hivi.

Mgeni Njiani

Na mimi nimerudi, wa pdf. Mleta uzi alinitumia kitabu kweli kwa basi, alikifunga na gazeti mara mbili. Shetani Msalabani ya Ngũgĩ.

Sikuwa najua historia yake. Alikiandika akiwa gerezani Kamiti, alikamatwa mwisho wa 1977 bila kesi akakaa karibu mwaka mzima 1978, na alikiandika kwa Gĩkũyũ kwenye karatasi za chooni. Karatasi za chooni ndugu zangu, kwa maana za kule zilikuwa ngumu kiasi cha kubeba wino. Kikatoka 1980. Nimefika pale Wariinga, yule dada mhusika mkuu, na wenzake wapo kwenye matatu wanaelekea Ilmorog, kila abiria anaeleza yake, na huko wanakokwenda kuna mashindano ya wezi na wanyang'anyi wakubwa, wanashindana nani kaiba vizuri zaidi.

Niseme ukweli wangu. Nilikuwa na mafaili ya vitabu zaidi ya mia nne kwenye simu. Nilichokisoma mpaka mwisho ni kimoja. Hiki cha karatasi nakigeuza ukurasa nawaza mtu alikuwa anaandika huku anasikiliza kama askari anakuja, na karatasi yenyewe akikamatwa nayo inachukuliwa. Siwezi kukisoma huku naangalia ujumbe unaingia. Nazima simu kabisa. Sijakunja ukurasa hata mmoja mkuu, nimeweka uzi wa kushonea.

Dereva wa Usiku

Nimebakiza saa tatu za kusikiliza. Daftari limefika kurasa nne. Dada Taa ya Mezani, nimepata nakala ya Barua Ndefu Kama Hii, ya kushika. Nikiwa mapumziko nitaisoma kwa macho.

Taa ya Mezani

Kaka yangu. Nimefurahi sijui nisemeje. Mimi nipo hamsini na tatu.

Chuo Mwaka wa Pili

Mwalimu Jumamosi imepita. Nimemaliza Nagona kwa mkupuo, sikurudia ukurasa. Vitu vitatu nimeviandika kwenye karatasi kama ulivyosema: ukimya wa wale wazee, njia, na yule mnyama, paa. Maana sina. Ila jana usiku nilimwota huyo paa.

Mwalimu Mstaafu

Tunaanzia kwa paa. Kesho jioni, nikishamaliza kesi ya Shylock.

Kurasa Kumi (mleta uzi)

Nimesoma komenti zote mara mbili. Mimi nimefika kwa mjumbe wa sita, aliyetumwa ardhini. Kurasa zilizobaki nazihesabu kwa kidole gumba, ni chache, na Karama bado amesimama pale mbele ya Majivuno anaongea. Naenda kumsikiliza. Uzi uko wazi, aliyepita bila kutaja kitabu chake arudi ataje.